Conrad Hakupita Tabora

Wahakiki wa fasihi ya Kiingereza ni watu wakarimu. Abdulrazak Gurnah wa Zanzibar alipotoa riwaya ya Paradise mwaka 1994, yenye msafara wa biashara unaotoka pwani kwenda bara, wengi wao walikuwa na tafsiri tayari: anamjibu Joseph Conrad na simulizi lake la Kongo. Haya. Conrad mwenyewe mwaka 1890 aliingia Kongo kwa upande wa Atlantiki, na vumbi la Unyanyembe, nchi ya Tabora, halikumgusa hata ukosi. Lakini ndiyo ada ya darasani: Mzungu husimulia, Mwafrika hujibu. Akijibu vizuri hupewa chumba kwenye jengo la baada ya ukoloni, karibu na ngazi.

Kumbe Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu ambaye baba yake alikuwa na makazi Ituru, karibu na Tabora, alikuwa ameshasimulia maisha yake kwa Kiswahili: pembe, vita, madeni, bila kumjibu mtu. Malaika hakuwa, pembe zile hazikujitembeza zenyewe hadi pwani. Kisha kuna masimulizi ya wasafiri Waswahili aliyoyakusanya Carl Velten, yakachapwa mwaka 1901, na Gurnah ameyachotea hasa. Mhakiki anayetaka kuyasoma kama yalivyosimuliwa itambidi ajifunze Kiswahili, na likizo ya chuo ni fupi.

Tusiwacheke sana lakini. Sisi wenyewe tulingoja Gurnah apewe Nobel mwaka 2021. Peponi, tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis, ilitoka 2022, miaka 28 baada ya Paradise.