Andazi na Dola: Mhadhara wa Bingwa wa Kodi za Uani

Waheshimiwa wapishi wa maandazi, mafundi cherehani wa sebuleni, wachanganyaji wa sabuni ya maji na wauza barafu za ukwaju, tulieni. Anayesema nanyi ni Bingwa Mwandamizi wa Taaluma ya Mapato ya Uani, cheo tulichojitunuku sisi wenyewe baada ya kukosekana mshindani, na kikathibitishwa na kikao ambacho wajumbe wake wote tulikuwa sisi. Mada ya leo imewashinda wengi: anayefanyia biashara nyumbani, sheria inamdai nini? Umati utawajibu kwamba kwanza atafute jina kubwa, muhuri wa duara na kadi zenye maandishi ya dhahabu. Umati umekosea, kama ilivyo desturi yake. Sisi tunatangaza kwamba hati kuu ya biashara ndogo Tanzania Bara ni kaunta buku. Hizo nyingine ni wapambe wa bwana harusi.

Tuanze na ushahidi, maana bingwa asiye na ushahidi ni mpiga debe. Chukueni andazi, lishikeni, msilile. Mpishi anayekaanga maandazi 80 kwa siku na kuyauza shilingi 200 kila moja anaingiza 16,000. Akipumzika Jumapili tu, mwaka una siku kama 312 za kazi, na mauzo yake yanafika 4,992,000. Sasa fungueni jedwali la kodi ya makadirio kama lilivyorekebishwa na Sheria ya Fedha ya mwaka 2019, jedwali ambalo watu wa daraja letu hulisoma kitandani kabla ya kulala. Mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hayatozwi kitu. Yakizidi hapo hadi milioni 7, aliyetunza kumbukumbu anatozwa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4. Asiyetunza anatozwa 100,000 kavu kavu. Mpishi wetu amezidisha 992,000, na asilimia 3 yake ni 29,760. Hayo ni maandazi 149 kwa mwaka mzima, hata nusu andazi kwa siku halifiki. Jirani yake anakaanga vilevile na kuuza vilevile, ila hesabu zake ziko kichwani. Huyo anatoa maandazi 500. Maandazi 351 yamekwenda kwa sababu hakukuwa na peni jikoni! Panda ngazi hadi mauzo ya milioni 10 na mchezo ni uleule: mwenye kumbukumbu analipa 180,000, asiyenazo analipa 250,000. Kwa bei hiyo mtu angeajiri mtoto wa darasa la nne amwandikie.

Hapo sauti hutoka viti vya nyuma: “Bingwa, daftari ndilo linalonichongea. Nisipoandika, nani atajua?” Swali hili ni la kijinga kwa namna yenye historia ndefu, kwa hiyo tutaliheshimu. Wajerumani walianza kutoza kodi ya kibanda mwaka 1898. Haikuuliza umeuza nini; ilihesabu paa. Ikaja ya kichwa, ikahesabu vichwa, na mwenye kichwa alikimbilia porini akakibeba kichwa chake. Kodi ya maendeleo, mjukuu wa ukoo huo, ilifutwa mwaka 2003 tu. Babu aliyejificha uvunguni alikuwa na hoja: kodi ile haikuwa na daraja la kumwambia “wewe hudaiwi”. Hii ya sasa inalo. Anayeuza chini ya milioni 4 ana haki ya kulipa sifuri, na sifuri, wanafunzi wangu, inahitaji ushahidi kuliko tarakimu nyingine yoyote. Afisa wa kodi akikaa mbele yako kukufanyia makadirio, ataangalia ndoo za unga, ataangalia foleni ya asubuhi, kisha atakadiria. Ndiyo maana ikaitwa hivyo. Huna karatasi ya kumpinga, una machozi. Na machozi hayana tarehe.

Kuna pingamizi la pili, na hili, kwa masikitiko makubwa ya taaluma, ni la maana. Kodi hii inapiga mauzo, haipigi faida. Haiulizi mkaa umepanda, haiulizi unga, haiulizi kwamba wiki ya pili ya Januari hakuna mwenye hela ya andazi. Aliyeuza maandazi ya milioni 5 akabaki na laki 6 anakaa mstari mmoja na aliyebaki na milioni 2. Hatuwezi kuutetea utaratibu huo kwa jina la haki. Tunautetea kwa jina la wepesi, na wepesi nao una gharama zake. Lakini sheria imeacha mlango. Mtu binafsi anaweza kuchagua kutoka kwenye makadirio ya mauzo, akatozwa kwa faida kwa viwango vya kawaida vya mtu binafsi, ambavyo havianzi kukata mpaka mapato yake ya mwaka yapite 3,240,000. Mpishi wetu, mkaa ukishatolewa, huenda hata asifike hapo. Basi ufunguo wa mlango huo ni nini? Ni hesabu kamili za mapato na matumizi. Kaunta buku tena. Mwenye pingamizi zuri kuliko wote ndiye anayelihitaji kuliko wote, na hapa mnaruhusiwa kupiga makofi.

Tupite haraka kwa wapambe. TIN, namba ya mlipakodi, hutolewa bure na Mamlaka ya Mapato, kwa namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa. Anayekuuzia anakuuzia hewa. Jina la biashara husajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara. Leseni hutoka kwa afisa biashara wa halmashauri, na bila TIN hasogei. Anayefungasha chakula kiende madukani akumbuke kwamba tangu 2019 usalama wa chakula uko TBS, shirika la viwango, na kwamba SIDO, shirika la viwanda vidogo lililopo tangu 1973, huwashika mkono wajasiriamali wadogo njiani. VAT, kodi ya ongezeko la thamani? Kizingiti chake kilipandishwa mwaka 2023 hadi mauzo ya milioni 200 kwa mwaka. Mwenye karai moja alale usingizi. Anayeacha biashara, hata hivyo, asinyamaze: aijulishe Mamlaka kwa maandishi, kwa sababu faili lisilofungwa linaendelea kuhesabika kama biashara hai.

Kwenye jina itabidi tusimame, maana hapa ndipo umati unapojipaka unga. Mtu akishasajili jina lenye “Entapraizesi” mwishoni huanza kutembea kifua mbele, akidhani amezaa kiumbe kitakachobeba madeni yake. Jina la biashara halibebi kitu. Ni wewe mwenyewe umevaa koti, na mdai akija atakamata meza yako na friji yako. Kiumbe hasa ni kampuni, na hilo liliamuliwa mwaka 1896 na Baraza la Malodi la Uingereza katika kesi ya Aron Salomon, mtengeneza viatu wa London, ambaye wanahisa wenzake walikuwa mkewe na watoto wake watano. Familia nzima, kama jikoni kwenu! “Basi nifungue kampuni,” anasema mwenye tamaa. Fungua. Ila jedwali letu tamu la makadirio ni la watu binafsi. Kampuni hailioni hata kwa darubini. Itatozwa asilimia 30 ya faida, ritani yake itapita mikononi mwa mhasibu aliyesajiliwa, na BRELA itaidai taarifa kila mwaka. Kwa maandazi 80 kwa siku, huko ni kununua lori la kubebea kikapu.

Sasa kaunta buku lenyewe, na hapa sauti ya bingwa inashuka kwa unyenyekevu usio wa kawaida yake. Ukurasa mmoja, mistari minne wima: tarehe, maelezo, kilichoingia, kilichotoka. Jumanne: unga kilo 5, umetoka. Mafuta lita moja, yametoka. Maandazi 80 yamekaangwa, 74 yameuzwa taslimu, manne amekopa mama wa nyumba ya pili, mawili wamekula watoto. Ndiyo, hayo mawili yaandikwe! Hela ya maandazi ikinunua vocha au ikichangia harusi, iandikwe imetoka kwa matumizi ya nyumbani, isije ikajificha kwenye mstari wa unga. Risiti zibandikwe kwa gundi nyuma ya ukurasa kabla wino haujafifia. Na mwisho wa kila mwezi pigeni jumla, kwa sababu kodi ya makadirio hulipwa kwa awamu nne, na ya kwanza ni tarehe 31 Machi.

Muda wa maswali umefika. Yataletwa kwa maandishi, yakiwa na tarehe na kiasi. Ya mdomo tutayakadiria.