Babu Mwenye Mawe Matatu

Utafutaji wa nasaba miongoni mwa Wazanzibari wenye asili ya Omani huanzia makaburini, na fedheha zake huanzia hapo hapo. Ya karibuni kabisa ni ya sikukuu iliyopita. Mtafutaji mmoja wa Unguja, bwana wa makamo aliyeshiba vitabu vya tarehe, alifika kijiji cha wazee wake huko Sharqiyah, Omani, akaelekezwa makaburini na kijana mwenye haraka ya kwenda zake, akalipata kaburi la baba wa babu yake. Alilisomea Yasini. Alilia kwa kwikwi. Yote yalirekodiwa kwa simu na kurushwa kwenye kundi la ukoo, lenye watu Maskati, Dubai, Mombasa na Portsmouth, na dua zikamiminika. Kisha ikaingia sauti ya shangazi mkubwa wa Maskati, imetulia kama ya mtu anayechagua mchele: "Mwanangu, Mungu akulipe kwa nia yako. Lakini hilo kaburi lina mawe matatu. Huyo babu yako aliolewa na nani?"

Wazee hao walikuwa Waibadhi, na makaburi ya Waibadhi hayaandikwi. Madhehebu hayapendi kaburi litukuzwe, kwa hiyo hakuna jina, hakuna mwaka, hakuna kuba; ni tuta la changarawe na mawe ya kawaida yaliyosimamishwa. Huko Omani mwanamume huwekewa mawe mawili, mwanamke matatu. Hayo ndiyo maelezo yote anayopewa mgeni, na mbuzi wakishapita mara kadhaa hata hayo hupungua. Anayetaka zaidi hana budi kumpata mzee aliyehudhuria maziko, au aliyesimuliwa na aliyehudhuria, na wazee wa namna hiyo siku hizi wako mjini kwa watoto wao wakipimwa sukari. Video ilifutwa usiku ule ule. Haikusaidia kitu: ilikwisha kufika makundi mengine, likiwemo la wakwe.

Kaburi likishindikana, hurudiwa majina. Jina la Mzanzibari ni mnyororo: lake, la baba, la babu. Desturi humpa mwana wa kwanza jina la babu mzaa baba, na hapo mnyororo huanza kujizunguka. Hamed Salum Hamed humzaa Salum Hamed Salum, naye humzaa Hamed Salum Hamed, na karne nzima hupita kwa majina mawili tu. Huko ni kwenda juu. Kwenda pembeni ni balaa zaidi: Mzee Hamed mwenye wana wanne, Salum, Ali, Said na Nassor, atapata wajukuu wanne walioitwa Hamed, takriban rika moja, wanaocheza ua mmoja na kula sinia moja. Nyumbani hutengwa kwa lakabu, Hamed Mrefu, Hamed Kiziwi, Hamed wa Pemba, ambazo hakuna karani aliyewahi kuziandika. Ni mfumo wa ajabu kwa uzuri wake. Ulitungwa na watu wanaojuana gizani kwa kikohozi, na kwa watu hao unatosha kabisa. Dirisha la uhamiaji halikuwamo katika hesabu zao.

Na dirisha likaja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 watu walitawanyika, na Sultani Said bin Taimur wa Maskati hakuonyesha hamu kubwa ya kuwapokea. Mlango ulifunguka baada ya Julai 1970, mwanawe Qaboos aliposhika nchi na kuwaita Waomani wa ng'ambo warudi kuijenga. Aliyerudi alitakiwa kuthibitisha kabila, kwa hiyo majina ya makabila yaliyolala Unguja tangu enzi za Sayyid Said yakaamshwa na kubandikwa mwisho wa pasi. Aliyekwenda Uingereza alikutwa na mengine: jina la mwisho kwenye karatasi likafanywa la ukoo, wanawe wakalirithi milele. Matokeo yake ni kwamba wana wa Mzee Salum Hamed, ndugu wa tumbo moja, wana watoto wasiolingana: wa Unguja wanaishia na Salum, wa Portsmouth wanaishia na Hamed, wa Maskati wanaishia na kabila. Kompyuta ikiulizwa, hujibu kwamba watu hawa hawahusiani. Hakuna kati yao aliyebadili jina.

Njia yenye uhakika zaidi ni hati za mashamba, ambazo daftari zake zimo katika Nyaraka za Taifa, Kilimani. Karafuu zilimpeleka kila mtu mbele ya karani: shamba liliuzwa, likarithiwa, likawekwa rehani kwa mfanyabiashara wa Kihindi, likawekwa wakfu. Hati humtaja muuzaji pamoja na baba na kabila, kisha hutaja mipaka minne: mashariki shamba la fulani, magharibi njia ipitayo, kaskazini warithi wa fulani, kusini mto. Babu anayetafutwa huenda asionekane popote kama muuzaji wala mnunuzi. Huonekana kama mpaka wa kusini wa mtu mwingine, na mtafutaji aliyelipia mlo na nauli ya miezi hutoka hapo amefurahi kupita kiasi.

Tarehe hazimsaidii sana. Mwaka wa Kiislamu una siku 354 au 355, kwa hiyo mzee wa miaka 66 kwa hesabu hiyo ana 64 kwa kalenda ya ukutani; na aliyezaliwa usiku wa Ijumaa alizaliwa Alhamisi baada ya magharibi, jambo ambalo karani wa Kizungu hakulisadiki. Pasi nyingi zimemaliza ubishi kwa kuandika 1 Januari.

Lililobaki halichekeshi. Shajara za nasaba zinazotundikwa ukutani ni za wanaume watupu, mzizi hadi tawi. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba alikuwa huru na wa kabila la baba. Mama yake, aliyetolewa Manyema au ng'ambo ya Ziwa Nyasa, alibaki na jina alilobandikwa na mnunuzi, Zafarani au Faida, kisha hata hilo likaachwa. Amri ya 1897 iliyofuta utumwa Unguja na Pemba iliwaacha masuria nje. Walingoja mpaka 1909. Wajukuu zao leo huuza gari wapate nauli ya kwenda kuhesabu mawe Sharqiyah. Hakuna anayeulizia basi la Kigoma.

Siku hizi kuna vipimo vya mate. Sehemu moja ya chembe za mwili, mitokondria, hurithiwa kwa mama peke yake, mama kwa mama, na haiulizi kabila la baba. Binti mmoja wa Portsmouth alimbembeleza baba yake ateme kwenye kichupa. Majibu yakarudi: upande wa kike, Afrika bara. Ami mkubwa, aliyezaliwa na mama huyo huyo, aliyasoma mara mbili, akasema ni wazi mate ya ndugu yake yalichanganywa maabara, na shajara ikapelekwa kutiwa fremu.