Mwongozo kwa Mgeni Anayekuja Eastlands Kutegua Mafumbo

Una simu iliyojaa chaji, daftari, na wenzako 300 mtandaoni ambao hakuna hata mmoja aliyewahi kupita Jogoo Road. Mmekesha mkipanga vidokezo hadi mkabaki na vitatu: picha ya ukuta uliochorwa, tarakimu saba, na maneno "Phase 4". Umetumwa wewe kwa sababu ndiwe uliye karibu, unakaa Lavington. Karibu sana. Ila usishuke kwenye matatu kabla hujasoma haya.

Mchezo wenu, huo wa uhalisia mbadala, ulivuma kwanza mwaka 2001. Watu wa Microsoft walitakiwa kuitangaza filamu ya Steven Spielberg iitwayo A.I. Kwenye bango la filamu, katikati ya majina ya waigizaji na mafundi, wakalipenyeza jina la Jeanine Salla, mtaalamu wa kutibu akili za mashine. Hakuna mtu kama huyo. Waliokuwa na jicho kali walimsaka mtandaoni, wakaangukia tovuti za uongo, mauaji ya uongo na mafumbo ya kweli. Kundi moja la wasakaji, Cloudmakers, lilipita watu 7,000, na mafumbo ambayo waundaji walidhani yangewachukua miezi yaliteguliwa kwa siku moja. Kanuni kuu ya mchezo ule ikarithiwa na mingi iliyofuata: usikiri kamwe kwamba ni mchezo. Tovuti iwe tovuti, simu ilie kama simu, na anayekudanganya ashikilie uongo wake hadi mwisho.

Kwa Wamarekani hilo lilikuwa jambo jipya. Huku kwetu anayeishi kwa kanuni hiyo unakutana naye steji, saa moja asubuhi.

Vitu ambavyo si vidokezo

Tuanze na nguzo za stima. Kila nguzo kutoka Hamza hadi Kayole imebandikwa makaratasi: mganga anayerudisha mpenzi na mali iliyoibwa, chumba cha kupangisha, kazi kwa vijana 20 wasio na tajriba, fundi wa kuzibua choo. Kila karatasi ina namba ya simu na utashawishika kuzijumlisha. Usizijumlishe. Ukimpigia mganga utaambiwa utume kitu kidogo ili aanze kazi. Ukiwapigia wa ajira utaambiwa utume ada ya usajili. Ukimpigia wa choo atakuja kweli, na vifaa vyake, na atataka kulipwa.

Kisha ujumbe wa simu. Mchezaji mgeni akiandikiwa na namba asiyoijua, "Ile pesa tuma kwa hii namba, ile ingine iko na shida," atauweka kwenye kundi, na kufikia usiku watu wa nchi nne watakuwa wakibishana "ile pesa" ni ipi. Mkaazi wa Umoja anaufuta kabla hajafika kwenye mkato.

Michoro ya matatu, ndiyo, ni fumbo, na fumbo zuri. Lakini aliyeichora hakukuwaza wewe. Alimwaza mwanafunzi wa kidato cha tatu atakayeacha magari matatu matupu yampite ili apande hilo.

Sasa lile la hatari, kwa sababu linafanana mno na mchezo wenu. Ukimwona mtu ameinamia kibao kando ya steji akigeuzageuza karata tatu, watu sita wamemzunguka, mmoja ameshinda elfu moja mbele ya macho yako, na mwingine anakunong'oneza kwamba ile ya kushoto ndiyo yenyewe, hiyo ni pata potea. Aliyeshinda ni mwenzao. Aliyenong'ona ni mwenzao. Yule mama aliyejishika kichwa akililia pesa ya karo ni mwenzao pia, na kesho ndiye atakayeshinda. Mchezaji ni mmoja tu, wewe, na ndiwe pekee ambaye hukuambiwa. Watu wa Microsoft walihitaji tovuti kwa makumi na fedha za studio. Hawa wanahitaji kibao na njia mbili za kukimbilia kanjo akitokea. Ningependa kusema nawadharau. Lakini kwa ufundi mtupu wa kusuka kisa ambamo kila anayekutazama ni mwigizaji, sijaona kazi inayowashinda.

Phase 4 ya wapi?

Utamwendea mama mboga, maana umeambiwa yeye ndiye anayejua, na ni kweli.

"Mathe, samahani, Phase 4 ni wapi?"

"Phase 4 ya wapi?"

Hapo ndipo wenzako 300 watanyamaza kwa mara ya kwanza. Buruburu ina phase tano. Dandora ina phase tano. Komarock ina zake. Umoja ina One, Two na Innercore. Soweto iko Kayole na nyingine iko Kibera, kwa hiyo unaweza kukosea mtaa kwa upana wa jiji zima kwa safari moja. Steji ya Donholm bado inaitwa Caltex ingawa Total iliinunua biashara ya Caltex nchini mwaka 2009. Bee Centre haina nyuki. Huku mtu huelekezwa kwa vitu vilivyokuwepo: shuka pale palikuwa na kinyozi, pinda kwenye ule mti uliokatwa. Ramani ya simu haina hayo, na setilaiti haikumjua kinyozi.

Kama kidokezo chenu kina Sheng, Mungu awasaidie. Neno "mbao" likitokea msimtume mtu kwa maseremala wa Gikomba. Ni shilingi 20. Finje ni 50, soo ni 100, rwabe ni 200. Mkishakariri, mjue kwamba kijana wa Kaloleni na kijana wa Dandora kila mmoja ana maneno ambayo mwenzake atayacheka, na kwamba orodha mliyoipata mtandaoni iliandikwa na mtu aliyekwisha oa akahamia Syokimau.

Ikitokea Phase 4 yenyewe ni ya Dandora, tulia kidogo utazame nyumba, kwa sababu hapo unakanyaga historia ya mchezo. Dandora ilianzishwa miaka ya 1970 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: viwanja 6,000 hivi, na mwenye kiwanja akakabidhiwa choo, bafu na maji, kisha akaachwa akitafute mwenyewe kilichosalia, yaani nyumba. Watu waliitafuta. Waliipata chumba kwa chumba, ghorofa juu ya ghorofa, kwa mafundi, kwa vyama vya akiba, na kwa majirani waliojua pa kupata mchanga wa bei nafuu. Mwaka 2010 taasisi ya Benki hiyo hiyo ilitoa mchezo wa mtandaoni uitwao EVOKE, ulioongozwa na mbunifu Jane McGonigal, ukiwalenga hasa vijana wa Afrika. Hadithi yake iliwekwa mwaka 2020. Wiki kumi, kazi kumi, na watu zaidi ya 19,000 wa nchi zaidi ya 150 walijiandikisha. Kati ya kazi walizopewa: hakikisha mtu fulani anapata chakula, tafuta njia nyingine ya kupata nishati, shughulikia tatizo la maji. Ushahidi ulitolewa kwa maandishi, picha au video, na sifa zikahesabiwa kwa pointi.

Sikejeli. Mchezo ulikuwa na nia njema na wengine walibuni mambo ya maana. Ila ukisimama Kayole saa kumi na moja alfajiri utawaona akina mama kwenye ile kazi ya maji, mitungi ya lita 20 ikiwa kwenye foleni, habari zikipita kwamba bomba la upande ule limefunguliwa na la huku bado, huyu akimpigia yule, yule akimtuma mtoto. Hakuna aliyewapa hata pointi moja. Mbunifu akitaka kujua watu wengi wasiojuana vizuri wanavyounganisha vipande vya habari kwa haraka, angeanzia hapo, na angekuja na mtungi wake.

Namna ya kushika simu

Mwaka 2004 mchezo wa I Love Bees, uliobuniwa kuutangaza Halo 2, uliwatuma wachezaji kwenye simu za barabarani kote Marekani, waende mahali fulani, saa fulani, simu ilie, waijibu. Mmoja huko Florida aligoma kuondoka kwenye simu yake hali Kimbunga Frances kinakaribia. Usimwige. Kwanza, huku vibanda vya simu viliisha. Kilichobaki ni duka la M-Pesa, na mwenye duka akipokea simu ya roboti kutoka siku zijazo atauliza kama inatoa au inaweka. Pili, mtu aliyesimama peke yake ukutani usiku, uso ukimulikwa na kioo cha simu, akihesabu hatua, anasomwa na mtaa kwa namna mbili tu. Ama anataka kuiba, ama anataka kuibiwa. Waliocheza Ingress, ule wa Niantic ulioanza 2012 na kuwatembeza watu kwenye sanamu na majengo kuteka milango isiyoonekana, wanajua ugumu wa kumweleza askari wa doria kwamba unapigania rangi ya kijani.

Nenda mchana. Nunua kitu. Keti kwenye kibanda, agiza chai na mandazi mawili, weka picha mezani, uulize. Mwaka 2006 wabunifu wa Perplex City walitoa picha ya mwanamume Mjapani na jina moja, Satoshi, wakawaambia wachezaji wamtafute. Alipatikana mwaka 2020, kwa programu ya kutambua nyuso. Angekuwa Satoshi wa Umoja, mama wa kibanda angeuliza, "Huyu si ni wa kina nani, aliyeoa kwa wale wa Innercore?" na mngemaliza kabla ya chai kupoa, mkiwa pia mmejua anadaiwa na nani.

Umati ukianza kukusaidia

Hapa nakuomba uwe makini zaidi. Baada ya mashambulizi ya Septemba 2001, baadhi ya Cloudmakers walitaka kuwasaka wahusika kwa ustadi ule ule walioupata kwenye mchezo. Wasimamizi wao waliwakataza. Mwaka 2013, baada ya mabomu ya Boston, wapelelezi wa mtandaoni hawakukatazwa mapema, wakamtangaza mwanafunzi asiye na hatia. Umati unaotegua haraka hukosea kwa kasi ile ile.

Nasi tunajua umati unavyoweza kufanya kazi safi. Januari 2008, nchi ikiungua baada ya uchaguzi, Ory Okolloh na wenzake walianzisha Ushahidi, na watu wakatuma kwa simu na mtandao walichokiona, kikapangwa kwenye ramani. Pale palikuwa na watu wa kuhakikisha taarifa kabla ya kuzipandisha. Kundi la WhatsApp la ploti yako halina watu hao. Lina picha ya kijana mwenye kofia nyekundu, sauti ya mtu anayehema, na maneno "amepita huku sasa hivi".

Kwa hiyo usimwite mtu mshukiwa mbele za watu, hata kama katika hadithi yenu ndiye muuaji na amelipwa kuigiza. Usimfuate mtu kwa miguu. Usikimbie, hata ukiwa umelipata jibu, hasa ukiwa umelipata. Anayekimbia Eastlands na kitu mkononi hupigiwa ukelele mmoja, na wanaoitikia hawaulizi kidokezo cha kwanza kilikuwa kipi.

Zawadi

Wabunifu wakikuomba ushauri wa mahali pa kuificha, waambie Perplex City walikizika kifaa chao cha chuma katika msitu wa Wakerley, Uingereza, na kikakaa huko hadi mchezaji alipokifukua Februari 2007 akalipwa pauni 100,000. Huku wasizike chuma. Kitafukuliwa kabla ya kidokezo cha pili, na kijana asiye na daftari wala kundi, aliyeona udongo umechimbuliwa upya akajiuliza kwa nini. Mnunuzi wa skrepu atakipindua mara mbili, atakigonga kwa kucha, atasema hiki si shaba, na kukitupa kwenye mizani.