Mwindaji wa Nyama Choma

Rafiki yangu anatimiza miaka 50, na ameniambia, kwa sauti ya mtu aliyewahi kukimbizwa na nyati, kwamba zawadi anayoitaka ni kisu cha kuwindia. Anaishi Nairobi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, naye wakati huo alikuwa bado anabebwa mgongoni. Mnyama pekee ninayejua amemwinda ni mbuzi, tena kwa kumnyooshea kidole mbele ya mchoma nyama.

Basi nikaingia dukani. Muuzaji akanieleza kwa subira: chuma cha kaboni hunoleka upesi, ila ukikisahau na unyevu kinaota kutu, cha pua hakidai matunzo mengi. Chuma kipite hadi mwisho wa mpini, visije vikaachana kazini. Bapa la inchi 4 latosha; refu zaidi ni la sinema. Kipo hata chenye ndoano mgongoni, ya kupasulia ngozi ya tumbo bila kutoboa utumbo. Nikamuuliza kama inafungua soda. Hakucheka.

Nikachukua cha pua. Kazi yake itakuwa kachumbari, na ndimu haina huruma na kaboni. Wako Wazungu wanaoamini kwamba kumzawadia mtu kisu ni kukata urafiki, hivyo mpokeaji hutoa sarafu moja ionekane amekinunua. Nami nitamdai shilingi. Namfahamu: atasema hana chenji, atanitumia kwa simu, halafu anidai ada ya kutuma.