Barua ya Wazi kwa Wakubwa wa Vibao

Waheshimiwa,

YAH: KIBAO AMBACHO HAKIPO KARIAKOO

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Naandika kuwapongeza. Jumamosi nimezunguka Kariakoo kutwa nzima, kuanzia Msimbazi hadi Lumumba, Mtaa wa Kongo nikiupita mara mbili (ya pili si kwa kupenda, umati ndio ulionichukua), nikitafuta maandishi yoyote ya kumweleza mpita njia kwa nini mahali hapa panaitwa Kariakoo. Niliona vibao vya bei ya jumla, vya kufungua simu zilizojifunga, cha mganga anayerudisha mume ndani ya saa 24, na kimoja cha kukataza kukojoa ukutani, ambacho kwa kweli ndicho kilichoandikwa kwa uchungu kuliko vyote. Cha historia sikukiona. Kama kipo, basi kimevishwa dera, kinauzwa.

Nilimuuliza kijana wa duka la mabegi. Akafikiri kidogo, akasema, "Mzee, hiyo ni kari ya koo. Ukiita wateja hapa tangu asubuhi, koo lote linakauka." Sikumsahihisha. Maelezo yake yalikuwa na faida kuliko yangu, maana aliyamalizia kwa kuniuzia maji.

Ninyi mnajua, bila shaka. Katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walipoiteka Dar es Salaam Septemba 1916, Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck walirudi nyuma kuelekea kusini, na vita vikaenda nao kwenye mapori yasiyo na reli wala barabara. Farasi na nyumbu wa jeshi wakafa kwa mbung'o. Kilichobaki cha kubebea risasi, unga na dawa kikawa kichwa cha mtu. Kikosi cha wapagazi, Carrier Corps, kikawekwa hapa, kwenye jengo la soko walilolijenga Wajerumani kabla tu ya vita. Midomo yetu ikalitafuna lile jina likatoka Kariakoo.

Kwa upande wa Waingereza pekee, wapagazi walikuwa watu kama milioni moja, wengi wao wamekamatwa tu vijijini. Serikali yao yenyewe ilikiri vifo zaidi ya 40,000. Watafiti waliokuja baadaye wanakisia vinakaribia 100,000. Wengi hawakuona hata adui. Waliondolewa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa, huku wamebeba chakula cha wengine. Na mtu asiseme hawakuwahi kuandikiwa chochote: walipewa visahani vyenye namba zao.

Kutoka hapo nikakata Mnazi Mmoja, nikaingia mjini kumwona mwenye bahati. Askari wa shaba amesimama Barabara ya Samora tangu 1927, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Huyu ana historia ya kupanda cheo. Kabla ya vita Wajerumani walisimamisha mjini humu sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wao wa zamani, na chini yake wakamweka askari Mwafrika. Waingereza wakamng'oa Wissmann, na walipoweka sanamu yao, askari akawa ndiye wa juu. Miaka michache tu, kutoka miguuni mpaka kileleni! Maandishi ya pale yanawataja wapagazi pia, hilo sikatai, ila wametajwa chini ya nyayo za mwenzao. Nairobi, ambako nako kuna Kariokor yao, sanamu ya kumbukumbu ya vita hivyo ina watu watatu na mmoja wao ni mpagazi. Sitaki kuleta maneno ya ujirani, nataja tu.

Nikiwa njiani kurudi nikapita Mtaa wa Livingstone, hapohapo Kariakoo. Marehemu huyu, mmisionari na msafiri, alifia huko ambako leo ni Zambia mwaka 1873, na maiti yake ikabebwa miezi mingi na watumishi wake, akina Chuma na Susi, mpaka Bagamoyo. Kichochoro cha Susi nimekitafuta bila mafanikio. Yaani hata kwenye makazi ya wapagazi, aliyepata kibao ni mzigo.

Najua ugumu wenu. Kibao hakiwekwi, kibao huzinduliwa. Uzinduzi unataka mgeni rasmi, mgeni rasmi anataka hema, hema linataka kamati, na kamati bila posho haiketi. Kisha jiwe lenyewe: mstari wa kwanza jina la mgeni rasmi na cheo chake, wa pili aliyemwakilisha (maana mwenyewe alipata udhuru), wa tatu tarehe. Nimeona kisima kijijini kwetu chenye jiwe kama hilo. Pampu ilikufa zamani, jiwe bado linang'aa, na watoto wanajifunzia kusoma jina la mheshimiwa. Kwa mpangilio huo, wafu 40,000 wataangukia mstari wa nne, kama rangi itatosha.

Kwa hiyo naomba kidogo tu: ubao mmoja, futi mbili kwa tatu, bila hema. Andikeni jina lilitoka wapi, mwaka gani, na wangapi hawakurudi. Pa kuutundika pagumu, nakiri. Kila ukuta pale una mwenyewe na kila nguzo ina mpangaji.

Nilikuwa nawaza hayo Mtaa wa Mkunguni niliposikia nyuma yangu, "Pisha! Mzigo huo! Angalia mguu!" Kuli, robota la vitenge kichwani, kata aliyoisokota kwa fulana kuukuu, mishipa ya shingo imesimama kama kamba za hema. Niliruka nikaangukia ndoo za watu. Mwenye mzigo alikuwa akimfuata na simu sikioni, akimpunguzia elfu moja kwenye makubaliano yao ya awali, na kuli akijibu bila kugeuza kichwa, kwa sababu hakigeuki.

Nawasilisha.

Mkazi wa Dar es Salaam

Nakala:
Askari wa Shaba, Barabara ya Samora – kwa taarifa.
Kuli wa Mtaa wa Mkunguni – hakusaini kupokea. Mikono yote miwili ilikuwa juu.