Wanaliwa?

Mtu wa Busia ukimletea habari ya kitu kigeni atakuuliza mambo mawili kabla hujapata kiti. La kwanza, kinaliwa? La pili, kinalipiwa ushuru? Msituone walafi wala walanguzi, ingawa siwezi kuwasemea majirani wote. Ni kwamba tunaishi mpakani mwa Kenya na Uganda, mahali ambapo nusu ya vitu vinavyopita mbele ya mlango vinaelekea Kampala, nusu vinarudi Nairobi, na wewe una dakika chache za kuamua kama vinakuhusu. Mahindi, mayai, vitenge, mafuta ya kupikia, viatu vya mitumba: vyote vimepita kwenye maswali hayo mawili na vyote vimejieleza vizuri.

Kisha shemeji yangu akachomwa na mnyama wa baharini, na mji mzima ukakwama.

Shemeji huyu amemwoa dada yangu mkubwa. Ni Mjapadhola wa Tororo, amekulia chini ya lile jabali, na hulitaja katika kila mazungumzo utadhani alikuwapo likisimikwa. Jabali la Tororo lina mita 1,483 kutoka usawa wa bahari, na hicho ndicho kilikuwa kiungo pekee kati ya shemeji na bahari hadi chama cha mama yangu kilipokodi basi kwenda Mombasa. Akina mama walihitaji mwanamume wa kubeba mizigo na kugombana na utingo. Shemeji akajitolea. Nadhani hakukumbuka kwamba mweka hazina wa chama ni mama mkwe wake.

Asiyejua mila za huku nimweleze kidogo. Mkwe na mama mkwe hawapeani mikono. Hawakai kiti kimoja, na wakikutana njiani mmoja huona ghafla kitu cha kuvutia kwenye ua wa jirani. Kwa hiyo mama alikaa mbele nyuma ya dereva, na shemeji akakaa kiti cha mwisho kabisa, juu ya gurudumu, na kutoka Busia hadi Mombasa, kama kilomita 900, heshima ikadumishwa. Mimi niliwekwa katikati kupitisha ujumbe. “Mwambie baba watoto afunge dirisha.” “Mwambie mama nimefunga.”

Tulifika Bamburi wakati wa kusi, upepo ukivuma moja kwa moja kutoka baharini. Maji yalikuwa yamepwa na kuacha mstari mrefu wa mwani, na ndani ya mwani ule, hapa na pale, halafu kila mahali, vibofu vya buluu. Niliinama kukitazama kimoja. Kilikuwa na urefu wa kidole changu cha kati, kimetuna, kinapitisha mwanga, na juu yake kulikuwa na kishungi cha waridi kilichokunjwakunjwa kama marinda. Chini yake kilining’inia kifundo cha nyuzi za buluu iliyokolea. Uzi mmoja ulikuwa umejinyoosha mchangani mbali kuliko nilivyotarajia, mwembamba, una vinundu vidogo vidogo mwili mzima. Mtoto wa mwenye kukodisha maboya alipita akivikanyaga kwa ndara, na kila kimoja kikalia: pwa! Ndara zake, nilikuja kuelewa baadaye, zilikuwa na soli nene.

Watu wa pwani humweka mnyama huyu katika ukoo wa yavuyavu, na sina ugomvi nao. Wataalamu humwita Physalia, nao mabaharia wa Uingereza walimpa jina la manowari ya Kireno. Mombasa iliamini Wareno waliondoka Fort Jesus ilipoanguka mwaka 1698. Kumbe wengine bado wanatua. Na si mnyama mmoja. Ni viumbe wengi walioungana: mmoja ni kibofu cha kuelea, wengine wanawinda, wengine wanameng’enya chakula, wengine kazi yao ni kuzaa tu. Ni chama, kwa kifupi, ila hiki hakuna mwanachama anayeweza kutoroka na fedha kwa sababu wote wameshonwa pamoja. Ndani ya kibofu mmejaa hewa, na sehemu ya hewa hiyo ni kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Hana kasia wala mapezi. Upepo unamsukuma, na upepo ukielekea nchi kavu, chama chote kinakutana mchangani.

Shemeji hakuyajua hayo. Aliona baluni. Nyumbani Tororo ana binti wa miaka minne anayependa baluni. Akachagua iliyotuna vizuri, akaiinua kwa vidole viwili upande wa juu, kwa adabu kabisa, na nyuzi zikaning’inia na kujizungusha kwenye paja lake, chini kidogo ya kaptura aliyoinunua Kongowea asubuhi hiyo hiyo.

Kilio chake sikukisikia kama neno. Wavuvi waliokuwa wakivuta ngalawa waligeuka. Ngamia wa kupiga picha naye aligeuka. Kwenye ngozi ya shemeji palijichora mistari myekundu yenye nukta nukta, utadhani imepita cherehani, na yeye akafanya lile ambalo mwili huagiza wenyewe: akachota mchanga akasugua.

Hapo ndipo alipojiongezea. Zile nyuzi zimejaa vichembe vidogo, kila kimoja na mshipa uliojikunja ndani ukiwa na sumu, na ukiguswa hufyatuka. Kusugua ni kuvifyatua vile vilivyokuwa bado vinangoja zamu. Mnyama mwenyewe akifa vichembe havina habari. Kibofu kilichokauka juani bado kinaweza kumchoma aliyekanyaga.

Chama kikaitisha kikao cha dharura. Wanawake wote walikuwa wazaliwa wa bara, hakuna aliyewahi kuiona bahari, na kila mmoja alikuwa na dawa. Mmoja alitaka dawa ya meno, kwa sababu ndiyo aliyompaka mwanawe alipopata malengelenge ya yule mdudu mwekundu na mweusi aliyebandikwa jina la Nairobi. (Huyo naye, kwa taarifa, haumi wala hachomi. Sumu imo katika damu yake, na unajipaka mwenyewe unapomponda shingoni. Mpulizie aende zake, unawe kwa sabuni.) Mwingine alisema mafuta ya taa. Wa tatu, mama mmoja wa Funyula mwenye sauti ya kuita ng’ombe, akasema kila mtu anajua dawa ya yavuyavu ni mkojo.

Kimya kikapita. Halafu likaja swali la kiutaratibu: mkojo wa nani? Mmoja alisema wa mtoto wa kiume. Hatukuwa na mtoto wa kiume. Macho yakaanza kuhama taratibu kuelekea kwa dereva wa basi, ambaye ghafla alikumbuka kwamba hakufunga mlango. Mama yangu, ambaye muda wote huo alikuwa amesimama umbali wa heshima akiwa ameupa mgongo mguu wa mkwewe, alijifunika leso usoni na kusema kwa sauti ya mweka hazina: “Mwambie baba watoto kwamba hilo halitafanyika mbele yangu.”

“Mwambie mama,” shemeji akajibu akiwa amelala chini, meno yamekazana, “kwamba nashukuru.”

Mama alitenda haki kuliko alivyojua, maana mkojo hausaidii na unaweza kuzidisha. Aliyetuokoa ni dada muuza achari. Alikuja na beseni lake la maembe, akatufukuza sote, akamimina siki pajani, akauondoa uzi kwa vijiti vya mishikaki, halafu akaagiza maji ya moto kwa muuza chai. Mwaka 2006 madaktari wa Australia walilinganisha maji ya moto ya nyuzi 45 na barafu kwa watu waliochomwa na ndugu za hawa, na maji ya moto yakashinda kwa mbali. Kuhusu siki wataalamu wamebishana miaka mingi, ila utafiti uliochapishwa mwaka 2017 uliipa kura pamoja na maji ya moto. Dada wa achari hakutaja utafiti wowote. Alitaja bei ya siki, na mweka hazina akalipa bila kugeuka.

Nyumbani habari ilifika kabla ya basi. Mjomba, ambaye ni wakala wa forodha na haamini kitu kisicho na karatasi, alikuwa amekwisha kuketi chini ya mwembe akitungoja. Mama mkubwa naye alikuwapo na swali lake tayari.

“Mnasema walikuwa wamejaa ufukweni? Wamelala tu? Bure?”

“Bure, mama.”

“Na hamkuchukua ndoo?”

Mtu akiona hilo ni swali la kijinga basi hajakaa Busia au Tororo msimu wa kumbikumbi, watu wanapolala na taa nje na kugombania mdomo wa kichuguu. Kwetu mnyama mdogo anayetokea kwa wingi bila kualikwa ni kitoweo mpaka ithibitishwe vinginevyo. Nikaeleza kwamba hawa wana sumu. Mjomba akataka kujua kama hakuna kabisa anayewala. Nikakiri kwamba kasa huwala, na kuna konokono mdogo wa buluu asiye na gamba, anayeelea chali, anayewatafuna na kuzihifadhi zile silaha zao azitumie mwenyewe. Na Wachina hula yavuyavu, ila wa aina nyingine, waliokaushwa kwa chumvi.

“Kumbe wanaliwa,” akasema mjomba. “Tatizo ni upishi.”

Swali la ushuru lilimchukua muda zaidi. Nilipomwambia kwamba hawa manowari huzaliwa wa aina mbili, wengine tanga lao limeelekea kushoto na wengine kulia, hata upepo mmoja ukiwapeleka hawa ufukweni wale wengine wanabaki salama baharini, alikaa kimya kwa heshima. Akasema hao ni wafanyabiashara. Mtu mwenye akili hapitishi mzigo wote njia moja.

Shemeji alikuwa amekaa upande wa pili wa mwembe, shina likiwa kati yake na mama. Makovu yalikuwa yamegeuka kahawia na alikuwa akiyaonyesha kwa yeyote aliyelipa kwa soda. Msimamo wake ulikuwa mmoja: bahari ni ya watu wa bahari, yeye atabaki na ziwa. Atawapeleka watoto Majanji, Ziwa Victoria upande wa Uganda, waogelee kwenye maji yasiyo na upuuzi.

Sikutaka kuharibu jioni, lakini nilikuwa nimesoma. Ndani ya maziwa yetu makuu mna yavuyavu. Mjerumani Richard Böhm aliwaona Ziwa Tanganyika mwaka 1883, nao wakaja kuitwa Limnocnida. Ziwa Victoria pia wamo. Ni wadogo, upana wa sentimita mbili hivi, wanapitisha mwanga, wanachoma vijidudu vya majini wanavyokula, na mtu hata hawahisi. Yawezekana kabisa kwamba shemeji amewahi kuoga nao.

Shemeji alijishika paja. Mama mkubwa aliuliza kama sentimita mbili ni kubwa kuliko omena. Mjomba alinyamaza, akawasha redio, akaizima. Ni mtu aliyefuatilia ugomvi wa Migingo tangu mwanzo, Kenya na Uganda zikivutania kijiwe cha ziwani kisichofika nusu ya uwanja wa mpira, na nilimwona akipiga hesabu.

“Hao wa ziwani,” akasema hatimaye, “wanaelea tu? Popote?”

“Popote, mjomba. Maji yanakowapeleka.”

“Toka Sio Port ya Kenya mpaka Majanji?”

“Sioni cha kuwazuia.”

“Bila kitambulisho?”