Mkemia wa Ngozi

Mkemia wa ngozi ni msomi anayelipwa kuzuia ngozi isioze. Aliyeajiriwa Kibaha hutambulika kwa harufu kabla ya cheti. Kwenye daladala hakosi kiti, maana jirani huhama. Kazini, kwanza huloweka ngozi iliyotiwa chumvi, kisha chokaa na sulfidi ya sodiamu huondoa manyoya, hufuata asidi, halafu kromu, inayoiacha na rangi ya buluu. Kipande kilichoiva huchemshwa na hakisinyai. Ngozi legevu huweza kujazwa kaolini, udongo mweupe uliojaa kwenye vilima vya Pugu, Kisarawe. Tundu la kisu cha mchunaji, au chapa ya moto iliyopigwa katikati ya mgongo, havina kemikali ya kuviondoa. Lawama, hata hivyo, hupelekwa maabara, ambako mkemia huzipokea akiwa amevaa viatu vya mtumba.